Nani Kaiweka Mbulu Mbali?

Kuna neno lililozoeleka katika mabaraza ya visiwani na mwambao, nalo hutamkwa bila ya fikra, mfano wa mtu anayefukuza nzi: "Huko ni mbali." Husemwa juu ya Mbulu, husemwa juu ya Hanang, husemwa juu ya kila pahala ambapo msemaji hana jamaa wala duka. Likishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Hapana anayeuliza: mbali kwa kipimo gani, kutoka wapi, na kwa nani? Na kwa kuwa wengi wanaolitumia ni watu wa kalamu, watu wanaomsuta mwenzao kwa mizani moja iliyozidi katika ubeti, ni haki neno lao nalo litiwe kwenye mizani.

Kipimo cha kwanza ni cha anga. Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi mji wa Mbulu, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 485. Hadi Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, mji uliokaa miguuni pa mlima, ni kama kilomita 465. Hadi Haydom, magharibi ya Mbulu, ambako kipo kiwanja cha ndege cha udongo kando ya hospitali, ni kilomita 515 hivi. Masafa haya hayafikii hata thuluthi mbili za yale yaliyopo baina ya Dar es Salaam na Mwanza, na hapana msomi wa pwani aliyewahi kudai kwamba Mwanza haifikiki.

Kipimo cha pili kinaumbua zaidi. Kipo kiwanja cha ndege cha Ziwa Manyara, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. (Msomaji asighurike na jina. Kiwanja hicho hakimo katika mkoa wa Manyara, uliozaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha. Kimo Karatu, na Karatu ilibaki Arusha.) Kutoka Unguja hadi hapo ni takriban kilomita 490. Yaani ni mbali kuliko Mbulu, ijapokuwa kwa kilomita chache, na baina ya pahala hapo pawili, kunguru akiruka moja kwa moja, ni kama kilomita 60. Sasa mtazame mgeni aliyekuja kustarehe. Asubuhi anakunywa kahawa yake Nungwi huku miguu imo mchangani, anapelekwa uwanjani, anapanda ndege ndogo, pengine anateremka Arusha kungoja nyingine, na jua halijachwa anawatazama tembo chini ya ukingo ule. Huyo hakuambiwa kwamba Manyara ni mbali. Ameambiwa bei. Wala yeye hatajua kwamba jioni ile, nyuma ya vilima alivyoviona upande wa kusini, ulikuwapo mji wenye watu, shule, soko na lugha ambayo wataalamu wameiandikia vitabu. Naye hana lawama. Lawama ni ya yule ambaye nchi ni yake.

Basi hii ndiyo kadhia yenyewe: pahala pawili penye umbali uleule kutoka Unguja, pamoja pamekuwa karibu na pa pili pamekuwa mbali. Ardhi haikusogea. Kilichofanya kazi ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu huweza kuulizwa.

Itafaa kwanza kuionya hesabu yenyewe, maana siku hizi kila mwenye simu hujiona mwanajiografia. Ziko programu za kukokotoa masafa baina ya viwanja viwili vya ndege, vyovyote viwavyo. Mtu huandika Zanzibar, huandika Haydom, na jibu hutoka: kilomita kadhaa, muda wa kuruka saa moja na dakika tisa au kumi. Jibu hilo limepatikanaje? Imechukuliwa ndege kubwa iendayo kilomita 800 kwa saa, masafa yakagawanywa, kisha ikaongezwa nusu saa ya kupaa na kutua. Ndege ya namna hiyo haijapata kutua Haydom wala haitatua, kwani kiwanja chenyewe ni kifupi na ni cha udongo. Inayotua huko ni ndege nyepesi ya injini moja, nayo masafa hayo ingeyakata kwa muda wa saa moja na dakika arubaini, au saa mbili na ushei, kwa kadiri ya nguvu zake. Na hata hiyo haitoki Unguja na abiria wa tikiti. Jibu la programu, kwa hivyo, ni la safari isiyokuwapo, kwa chombo kisichokuwapo. Ni sawa na shairi lililotimia vina na mizani, na halina neno.

Safari iliyopo ni nyingine. Mtu wa Unguja anayekwenda Haydom huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, saa mbili hivi kama bahari ni shwari. Hulala. Alfajiri hupanda basi, hupita Morogoro, hupita Dodoma, hushika njia ya Kondoa, na hufika Babati usiku umekwishaingia. Hulala tena. Kesho yake hupanda gari jingine, hupandisha ukingo wa bonde kwa Dareda, hupita Dongobesh, na hatimaye hufika. Kilomita 515 za angani zimekuwa zaidi ya 800 za ardhini, na saa moja ya programu imekuwa siku tatu. Mwenye kusema "mbali" kwa maana hiyo hajasema uwongo. Lakini akae akijua anasema juu ya barabara, na barabara ni kitu kinachojengwa ama kuachwa na watu wenye majina na vyeo.

Ushahidi upo. Njia ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo wakoloni waliiota itoke Cape Town hadi Cairo. Kwa miongo mingi baada ya uhuru kipande hiki kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na abiria wengi waliokwenda Babati walizungushwa Arusha. Mwaka 2018 lami yake ilizinduliwa. Kondoa haikuhamishwa, Babati haikuvutwa; ila watu waliokuwa mbali mwaka 2010 walikuwa karibu mwaka 2019. Hapo ndipo inapoonekana kwamba umbali ni jambo la bajeti kabla ya kuwa jambo la jiografia.

Wako waliokuja Mbulu kutoka mbali kwelikweli, na hawakulalamika. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwe. Kutoka Oslo hadi Haydom, kwa mstari wa anga, ni kama kilomita 7,450, mara kumi na nne na zaidi ya masafa ya Unguja. Walikuja, wakajenga, wakakaa, watoto wao wakazaliwa hapo, na ndege ndogo za shirika la kimisionari la MAF zikawa zikipeleka wauguzi na chanjo za watoto kwenye viwanja vya nyikani ambako gari lingekwama. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya wamisionari na nia zao. Huo ni mjadala wenye haki yake, na si wa leo. La leo ni kwamba kwa mtu wa Norwe Haydom haikuwa mbali, maana alikuwa na haja nayo.

Na kuwa na haja ndiko kulikokuwa kipimo cha wahenga wa pwani wenyewe. Nahodha wa jahazi hakuuliza kilomita. Aliuliza upepo. Kaskazi ikivuma, Sur na Muscat zilikuwa karibu na Unguja. Kusi ikishika, Unguja ilikuwa karibu na Muscat. Na baina ya misimu kila mji ulikuwa mbali na mwenzake. Leo ndege ya jet huyakata masafa ya Muscat na Unguja, takriban kilomita 3,900, kwa saa tano na kitu. Aliyefunga safari hiyo asubuhi hula chakula cha mchana Oman, ilhali mwenzake aliyeondoka saa ileile kwenda Mbulu, masafa ambayo ni thumuni tu ya hayo, bado hajafika Dodoma. Hapana ubaya kuipenda Muscat. Damu ipo, makaburi yapo, majina yapo, na simu za sikukuu zipo. Ubaya unaanza pale ukaribu huo unapofanywa kuwa ni wa maumbile, kana kwamba bahari ilizaliwa nyembamba na bara ikazaliwa nene. Mafakihi walikuwa waangalifu zaidi: msafiri anayekata masafa ya kupunguza sala kwa muda mfupi tu bado huhesabiwa msafiri, kwa kuwa masafa ni masafa na wepesi wa chombo ni jambo jingine. Watu wa fasihi wamechanganya mawili hayo, kisha wakajengea nadharia juu yake.

Tena si kweli kwamba pwani haikuwahi kufika huko. Misafara ya biashara ilizifikia nyika za kati tangu karne ya kumi na tisa, na Kondoa Irangi ilikuwa kituo chenye watu wa mwambao na misikiti yao. Oscar Baumann, Mwaustria aliyetoka Tanga na msafara wake mwaka 1892, alipita katika nchi za Wairaqw na Wadatoga, akachora ramani, akaandika kitabu. Ni Baumann huyohuyo aliyekuja baadaye kuwa balozi mdogo wa nchi yake hapa Zanzibar, na aliyevichora pia visiwa hivi. Jina lake limebaki katika maktaba. Wapagazi walioibeba mizigo yake kwa vichwa, waliojua umbali wa Mbulu kwa nyayo na mabega, hawakuandikiwa ubeti hata mmoja. Pengine laiti wangeandikiwa, mjadala huu usingehitajika.

Umbali una tabia nyingine: huweza kuwa wa njia moja. Ngano ni mfano wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania na Kanada zilianza mradi mkubwa wa ngano katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang. Mashamba saba yakakatwa chini ya shirika la umma la NAFCO: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Warret. Kwa jumla yalichukua takriban ekari 100,000. Kwa warasimu zilikuwa nyika tupu. Kwa Wabarabaig, ambao ni Wadatoga wa sehemu hizo, zilikuwa malisho bora kuliko yote katika mzunguko wa mwaka wao, na humo mlikuwamo makaburi ya wazee wao. Mzee mwenye heshima kubwa katika Wadatoga huzikwa kwa ibada ya bung'eed. Kaburi huinuliwa kama kichuguu kikubwa, na ibada na nyimbo zake huchukua miezi. Baadhi ya makaburi hayo yalipitiwa na matrekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Msomaji airudie sentensi hiyo polepole. Mtu ambaye makaburi ya babu zake yamo shambani anatakiwa athibitishe kuwa si mgeni. Wakanada walimaliza msaada wao katika miaka ya 1990 wakarejea kwao. Ngano yenyewe ilikusudiwa kulisha miji, na miji haiulizi unga umetoka wapi. Ni nadra kwa mla mkate kuona kwamba pahala palipoota chakula chake ni mbali. Mbulu na Hanang ziko mbali kwa mtu, si kwa gunia.

Waliopoteza malisho walikwenda wapi? Walikwenda kusini, nyuma ya ng'ombe wao, mwaka baada ya mwaka. Wengine walifika Usangu na Ihefu, na mwaka 2006 na 2007 serikali ilipowaondoa wafugaji katika mabonde hayo, wengi wakaelekezwa Lindi. Leo Wabarabaig wapo Rufiji na wapo Kilwa. Baina ya Katesh na Kilwa ni zaidi ya kilomita 650 kwa mstari wa anga. Wao walizipita kwa mzunguko usiohesabika. Na pwani iliwapokea kwa jina gani? "Wamang'ati." Jina hilo si lao. Ni la Wamasai, na maana yake ni maadui. Magazeti yakalichukua, mabaraza yakalichukua, na sasa mkulima wa Kilwa aliyeliwa mihogo yake na ng'ombe anamtukana jirani yake kwa tusi la kabila la tatu, bila ya yeyote kati yao kujua kwamba ugomvi wao ulianzia katika shamba la ngano lililo chini ya mlima Hanang. Mihogo iliyoliwa ni hasara ya kweli na mkulima anastahili fidia, hilo halina ubishi. Lakini kazi ya fasihi ni nini, kama si kuijua njia iliyomleta mtu mpaka mlangoni? Yule ambaye kwao ni "mbali" amekwishafika. Yuko kisimani.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wingi juu ya Hanang, mlima wa mita 3,420, na sehemu ya mlima ikameguka. Maji, tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, vikapita katikati ya nyumba na soko. Waliokufa walizidi 80. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai, kwenye mkutano wa tabianchi. Alikatiza safari, na siku chache baadaye alikuwa Katesh akitazama tope. Dubai ni karibu kilomita 4,000 kutoka hapo. Alifika kwa kuwa ilimpasa.

Hapa watu wa ushairi hawana budi kuulizwa swali bila ya kuzungushiwa maneno. MV Spice Islander ilipozama tarehe 10 Septemba 2011, na MV Skagit ilipozama tarehe 18 Julai 2012, kila mwenye kalamu Unguja na Pemba aliijua misiba hiyo kwa majina na nyuso za waliopotea. Ndivyo inavyopasa. Je, msomaji wa kurasa hizi amesoma tenzi ngapi za Katesh? Na kama hakusoma hata moja, je, ni kwa sababu ya zile kilomita 465? Gaza iko mbali zaidi mara kadhaa, na mashairi yake yapo. Andalusi iko mbali kwa masafa na kwa karne tano, na mashairi yake yapo. Tope la Katesh lilikosa nini? Ama haliingii katika bahari ya utenzi? Utenzi umebeba vita, ngamia, maradhi, njaa na siasa za vyama. Ungeweza kulibeba tope.

Watetezi wa uzembe huu wana hoja zao, na ni uungwana kuzisikiliza. Hoja ya kwanza ni kwamba huko hakuna ushairi. Kuna ng'ombe na mahindi. Anayeyasema hayo hajapata kusikia slufay. Slufay ni utungo wa Wairaqw, baina ya shairi na dua. Mzee huusema mbele ya kikao, mstari kwa mstari, na waliokaa humwitikia. Ndani yake huombewa nchi, mvua, watoto na mifugo, kwa mafumbo ambayo kijana asiyelelewa humo huyasikia maneno asiyapate. Mwitikio, mafumbo, mzee, kikao: ni sifa gani iliyopungua hapo, ambayo pwani huiita roho ya ushairi wake? Tena eneo la watu wanaoishi kwa ulinzi na ibada za pamoja Wairaqw huliita aya. Aliyesoma chuoni hawezi kulisikia neno hilo bila ya kushtuka, ingawa ni sadfa tu ya sauti: huku aya ni kipande cha maneno, kule aya ni kipande cha nchi. Robert Thornton aliandika kitabu kizima mwaka 1980 juu ya namna Wairaqw wanavyoelewa nafasi na wakati. Mshairi wa pwani angepata humo mshororo wa bure.

Na sadfa si hiyo peke yake. Watu wa visiwani hujivunia, na wana haki, kwamba ulimi wao unaitoa ain ipasavyo na unaitenga ha ya kooni na ha nyepesi, jambo linalowashinda wengi. Basi na wajue kwamba Kiiraqw kina sauti hizo zote mbili. Ain hutiwa alama ya mkwaju, ha ya kooni huandikwa hh, na ile q iliyomo katika jina la Wairaqw wenyewe haikuwekwa kwa pambo. Hawakuazima kwa Waarabu. Ni urithi wao, kwani Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na lugha za Kikushi zimo katika ukoo mkubwa mmoja na Kiarabu. Mtu wa pwani huvuka bahari kutafuta binamu wa ulimi wake, na binamu mwingine anapanda mahindi Dongobesh. Jirani wa Wairaqw ni Wadatoga, wenye lugha ya Kiniloti; bondeni Yaeda Chini wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko na wanaisimu hawajaipatia ndugu wa hakika; na upande wa Haydom wamo Wanyihanzu na Wanyiramba, Wabantu. Pahala penye koo zote hizo za lugha katika mwendo wa siku moja ni adimu Afrika nzima, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha sokoni. Walioliona hilo ni nani? Wilfred Whiteley, aliyekuwa mtaalamu wa Kiswahili, alichapisha maelezo ya Kiiraqw mwaka 1958. Sarufi yake kamili ilitolewa mwaka 1993 na Maarten Mous, Mholanzi. Kwa watu wa Ulaya, tena, haikuwa mbali.

Hoja ya pili husema: slufay si Kiswahili, na jarida la Kiswahili lina mipaka yake. Hoja hii ingekuwa na uzito kama pwani isingekuwa ndiyo bingwa wa kutafsiri. Kasida ya Hamziyya ya al-Busiri, mtu wa Misri, ilitiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus, na hapana aliyesema Misri ni mbali. Mwalimu Nyerere aliileta Venisi ya Shakespeare mwaka 1969, na wasomaji wakaipokea kama mtaa wa pili. Kiswahili hakijawahi kufunga mlango kwa kuwa mgeni katoka mbali. Kimeufunga, mara nyingi, kwa kuwa mgeni katoka bara.

Hoja ya tatu ni ya fedha, na ni ya kweli zaidi. Mshairi hana nauli, na mhariri hana hata ya kumpa. Lakini ipo nauli ya kwenda Muscat kwenye maonesho ya vitabu, na mara nyingi mwenyeji ndiye anayeilipa. Mbulu haina mwenyeji wa namna hiyo. Basi wahariri wangeweza kuanza na lisilogharimu safari: kumwandikia mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mojawapo ya Mbulu au Katesh, kumwomba slufay moja pamoja na tafsiri yake kutoka kwa mzee aliyeridhia, na kuichapa kwa heshima ileile inayopewa kasida. Nafasi ya kurasa mbili. Bahasha moja, au hata ujumbe wa simu.

Na asidhani mtu kwamba huko wangeanza kwa kumuuliza Unguja ni wapi. Katika mtaala wa sekondari wa Tanzania uliotumika kuanzia mwaka 2005, vitabu vya ushairi vya kidato cha tatu na cha nne vilijumuisha Malenga Wapya cha TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili ya hapa Zanzibar, na Wasakatonge cha Mohammed Seif Khatib, Mzanzibari. Watoto wa Mbulu na Hanang, ambao lugha ya mama zao ni Kiiraqw au Kidatoga, waliketi madarasani wakachambua vina, mizani na dhamira za mashairi hayo, wakafanyia mitihani, wakafaulu wengine na kuanguka wengine kwa sababu yake. Vitabu vilisafiri kwa boti, kwa basi na kwa gari la tatu lipandalo ukingo wa bonde, njia ileile iliyoelezwa hapo juu, na vilifika. Wengi wa watoto wale sasa ni watu wazima, baadhi yao ni walimu, na wanaweza kumweleza mshairi wa Unguja shairi lake lina kasoro gani.

Yeye hajui hata kulitamka jina la lugha yao. Na ulimi anao.